Ndege Huyu Yuwafanyani?

Idd pili nilikwenda Jomvu Kuu kumpa ami mkono wa Idd, na kwapani nilikuwa nimebana picha yenye fremu. Nilikuwa nimeichapisha kwa pesa zangu, karatasi nzuri, fremu nyeusi, na njia nzima ndani ya matatu niliikumbatia kama mtoto mwenye homa.

Ilikuwa picha ya sululu. Si sululu la kuchimbia. Ndege, yule wa pwani mwenye mdomo mrefu uliopinda kuelekea chini, ambaye nadhani ndiye aliyekipa chombo jina, au chombo ndicho kilichompa yeye. Kila unyoya ulihesabika. Ndani ya jicho mlikuwa na nukta ya mwanga. Nyuma yake hapakuwa na kitu: kijani tu, kijani kilicholainika kama hariri. Mtandaoni watu walikuwa wameipenda kuliko picha yoyote niliyowahi kuweka.

Ami akaipeleka mlangoni kwenye mwanga, akavaa miwani, akaitazama.

"Mashallah. Sululu huyu."

"Ndiye, ami."

"Yuwafanyani?"

"Amesimama."

"Kusimama nakuona. Yuwafanyani?"

Nilifungua kinywa, nikakifunga. Mke wa ami akaingia na sinia la mahamri na mbaazi, mazungumzo yakageukia bei ya samaki, na picha ikabaki imeegemezwa kwenye mguu wa kochi.

Nilirudi nyumbani na swali.

## Harusi nazijua

Mnaonisoma mnajua mkate wangu unatoka wapi. Usiku wa kupamba, wanawake peke yao, simu zimeachwa mlangoni, kamera ni moja tu ukumbini nayo ni yangu. Miaka 9 sasa. Nionyeshe picha yoyote ya bi harusi, hata kama si mimi niliyeipiga, nitakwambia yuwafanyani. Hapa anangoja kuingia, tazama vidole vinavyofinya shada. Hapa ameshakaa lakini mamake hajatokea, tazama macho yanavyokwenda mlangoni na kurudi. Hapa kiatu kinambana na hawezi kusema.

Nayajua haya kwa sababu najua mambo yanavyofuatana. Jambo likifika, linanikuta nimeshafika.

Kwa ndege nilikuwa nafanya kinyume chake kabisa, na sikuwahi kujishtukia. Nilinunua lenzi ndefu ya mtumba, milimita 70 hadi 300, nikajifunza vipimo kwenye video za watu wa nchi za baridi, kisha nikaingia horini kama mtu anayeingia dukani. Naona kitu, nakitaka, nakichukua, naondoka. Sululu yule nilimwona ukingoni mwa hori ya Tudor, maji yakiwa yameanza kupwa. Nikamsogelea, akaruka. Nikamfuata, akaruka. Mara ya nne akachoka, au alinidharau, akasimama ubavu, shingo juu, nikampiga picha 40 kwa mfululizo. Moja kati ya hizo ndiyo ile ya kwenye fremu.

Jibu la swali la ami lilinijia wiki ya pili, saa nane za usiku, nikiwa nachagua picha za harusi. Niliifungua ile faili ya sululu pembeni, nikalitazama jicho lake lile lenye nukta ya mwanga.

Yuwanitazama mimi.

Hilo ndilo alilokuwa akifanya. Alikuwa anapima kama aruke mara ya tano. Yale yote niliyojivunia, ile shingo iliyonyooka, lile jicho lililotulia, yalikuwa ni hofu ya mnyama anayekadiria umbali. Wala hakuwa amekula. Mdomo wake ulikuwa msafi, hauna hata doa la tope, na mimi nilikuwa nimeufurahia usafi huo.

Sikulala vizuri. Najua ni jambo dogo, ndege mmoja na mtu mmoja mwenye kamera, lakini lilinikaa.

## Shule ya Kongowea

Sikutaka kurudi kwa ami na mikono mitupu, kwa hivyo kwanza nikaenda kunyoosha ufundi. Kuna watu wakishapata fundisho la moyo huanza kusema kwamba vipimo si kitu. Ni kitu. Picha nyeusi tii haimwambii mtu lolote, hata uwe na mapenzi na ndege kiasi gani.

Nikachagua kunguru. Msicheke.

Mtu wa Mombasa anayesema hana mnyama wa kujifunzia hajawahi kufika soko la Kongowea saa moja asubuhi. Kunguru hawa wa shingo ya kijivu asili yao ni Bara Hindi. Hapa ni wageni waharibifu wanaokula makinda ya ndege wenyeji, na mwaka 2024 shirika la wanyamapori, KWS, lilitangaza mpango wa kuangamiza milioni moja. Siwatetei. Lakini hawana woga, hawatozi kiingilio, na wanafanya mambo mfululizo mbele ya macho yako.

Kunguru alinifunza ujinga mmoja wa kamera: inataka kila kitu kiwe kijivu cha wastani. Kunguru mweusi akiwa juu ya waya na anga jeupe nyuma yake, kamera huliona anga, hutia giza, na kunguru anageuka tundu lenye umbo la kunguru. Nikawa naongeza mwangaza kwa kusudi, +1, wakati mwingine zaidi, mpaka ule ung'avu wa samawati wa mabawa ukatokea. Anga likaungua. Liungue, halikuwa na kazi.

Yangeyange ni kesi ya upande wa pili. Mweupe mdogo katikati ya tope jeusi. Kamera huliona tope, huongeza mwanga, na yangeyange anabaki karatasi isiyoandikwa. Hapo punguza, -1 au zaidi kidogo, kisha tazama histogramu, ule mchoro wa mwangaza unaoonyeshwa na kamera. Mlima ukigonga ukuta wa kulia, rudia. Unyoya mweupe uliokwisha kuungua haurudi, hata kama unapiga RAW, ile faili ghafi ya kamera.

Kasi ya shata, yaani mlango wa kamera, naanzia 1/1000 ya sekunde kwa ndege anayetembea na 1/2000 kwa anayeruka. ISO ni wepesi wa kamera kunasa mwanga, na zamani nilikuwa naiogopa ikiwa kubwa kama watu wanavyoogopa mkopo wa simu, nashika ISO 400 jioni kisha nashangaa kwa nini kila bawa ni moshi. Chenga za ISO 3200 programu huzipunguza. Picha iliyotikisika haina mganga. Na fokasi iwe kwenye jicho. Kamera mpya hulitafuta jicho zenyewe. Yangu ni ya zamani, nalitafuta mimi kwa nukta moja.

Baada ya asubuhi nne hivi nikaona kitu kingine, na hiki hakikuwa kwenye video yoyote. Kunguru kabla hajaiba hutazama kwingine. Kweli. Anataka ule utumbo wa samaki ulio kushoto, basi anageuza kichwa kulia kama mtu asiye na haja, anaruka hatua moja ya ubavu, kisha anakunja magoti. Magoti yakikunjika, bonyeza. Ukingoja mpaka bawa lifunguke umeshachelewa.

Nikajikuta nacheka peke yangu kati ya magunia ya viazi. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nimefika kabla ya jambo.

## Kalenda ya ukutani

Nilipompigia ami kumwomba anipeleke horini, aliniuliza swali moja.

"Mwezi ngapi leo?"

Nikamtajia tarehe ya Kizungu. Akanyamaza kama mtu anayengoja mtoto amalize kulia. Alikuwa anauliza mwezi wa angani.

Hapa ndipo naona aibu zaidi ya kwingine, kwa sababu nimekulia kisiwani, na maneno bamvua na maji mafu nimeyasikia tangu sijaota meno. Sikuwahi kuyaunganisha na kamera. Nilikuwa nikienda horini Jumapili kwa kuwa Jumapili sina harusi. Nusu ya safari hizo nilikuta maji yamejaa mpaka kwenye majani ya mikoko na hakuna hata unyayo wa ndege, nikarudi nikilaumu lenzi.

Basi, kwa faida ya wenzangu wa kisiwani waliosahau kama mimi: maji yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa kama dakika 50. Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, tunapata bamvua. Maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti ya mita 3 na ushei. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hayajai sana wala hayapwi sana. Na kwa Mombasa saa zake hazibadiliki ovyo. Siku za bamvua maji hujaa karibu na alfajiri na tena alasiri, na kupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano za mchana. Siku za maji mafu ni kinyume, yanapwa mapema asubuhi na jioni.

Fikiria maana yake kwa mpiga picha. Ule upwa mkubwa wa bamvua, ambapo tope lote liko wazi na ndege wametapakaa, unakuja saa nne na nusu, jua liko utosini, kila ndege ana kivuli cheusi chini ya jicho. Ule upwa mdogo wa maji mafu, ambao mvuvi anaudharau, unakuja na jua la jioni.

Sisi tuko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta. Jua letu hupanda wima na kuzama wima. Ule mwanga wa dhahabu ambao watu wa kaskazini wanausifia kwamba unakaa saa nzima na zaidi, kwetu ukimaliza kufuta lenzi umeshaondoka. Kwa hivyo siku ambazo maji na mwanga vinakutana ni chache, na huwezi kuzikuta kwa bahati. Sasa napanga kwa kalenda ile ya msikitini iliyotundikwa jikoni kwa mama. Mwezi 8 hadi 10, na 22 hadi 24, nakataa kazi za jioni nikiweza. Mama anadhani nimeanza kufunga sunna.

## Leso na gunia

Nguo. Video zote husema vaa mavazi ya madoadoa kama ya wanajeshi. Kenya ukivaa hayo na wewe si mwanajeshi, utalala ndani. Mimi huvaa dera kuukuu la rangi ya udongo na kujifunika leso ya kahawia, kichwa na kamera pamoja, naacha lenzi itokeze kama pua. Ukikaa hivyo dakika 20 kaa wanatoka mashimoni mbele yako, na kaa wakishatoka ujue umekubaliwa.

Na lala. Nilikuwa napiga nikiwa nimesimama, kamera inatazama chini, na ndege wote walionekana kama wametupwa sakafuni. Sasa nalala kifudifudi juu ya gunia, lenzi usawa wa jicho la ndege. Picha hubadilika mara moja: tope linakuwa uwanja, ndege anakuwa mtu mzima. Dera halirudi kuwa dera, lakini kuna sabuni.

Jambo la chumvi nilijifunza kwa gharama. Lenzi yangu ya kwanza iliota kuvu ndani, nyuzi nyeupe kama za buibui, kwa sababu niliiweka kwenye mkoba wa ngozi kabatini mvua nzima. Siku hizi ikitoka horini naifuta kwa kitambaa chenye unyevu kidogo kisha kikavu, halafu inakaa kwenye deli la plastiki lenye vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Na ukitoka kwenye chumba cha eyakondishena, iache kamera ndani ya mkoba mpaka ipate joto la nje. Ukiitoa papo hapo, kioo kinatoka jasho na utakosa hiyo nusu saa ya mwanga.

Na moja zaidi. Lenzi ndefu karibu na daraja au kivuko utaulizwa. Niliulizwa. Askari alitaka kujua nampeleleza nani, nikamwonyesha yangeyange 60 mfululizo. Alizitazama zote. Mwishowe akaniambia ile ya 34 ndiyo nzuri, na alikuwa na haki.

## Na saumu yao

Mwezi 18 Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, alfajiri, ami alinichukua kwa mtumbwi. Maji yalikuwa yanamalizia kujaa. Hatukwenda mbali, alipiga kafi kidogo tu, tukajibana kwenye kivuli cha mikoko, naye akanionyesha kwa kidevu.

Juu ya miti iliyokufa, na kwenye vigingi vya uzio wa zamani, ndege walikuwa wamepangana kama nguo kwenye kamba. Sululu labda 20, chamchanga wadogo wasiohesabika, yangeyange wachache. Wote wametazama upande mmoja, upepo unakotoka. Wengine mguu mmoja umekunjwa, mdomo umefichwa mgongoni.

Nilikuwa nimejirekebisha, au nilidhani hivyo. Sikukimbilia. Nilimnong'oneza ami asogeze mtumbwi polepole, kidogo, kidogo tena. Nilitaka kundi zima likiruka, na jua linatoka nyuma yetu. Nilikuwa nimeweka 1/2500. Niliona magoti ya wa kwanza yakikunjika, na nikafurahi kwamba nimeyaona.

Wakaruka wote. Nilipiga picha 60.

Ami aliweka kafi magotini.

"Waona walivyokaa pale?"

"Naam."

"Maji yamejaa, hapana pa kulia. Wamefunga. Wangoja maji yapwe wafuturu." Akafuta jasho. "Nawe wawakimbiza na saumu yao."

Lile kundi lilizunguka juu yetu mara mbili, likatafuta pa kutua, likakuta pale pale tulipo ndipo penye vigingi, likaenda zake upande wa Mikindani. Hatukuliona tena asubuhi ile.

Mimi ni mtu niliyetoka kufunga siku 29 wiki chache tu nyuma. Nilijua mguu unavyokuwa mzito saa kumi na moja jioni, na mtu akikutuma dukani unavyomtazama. Na ndege wale walikuwa na jambo zito kuliko langu. Aprili ndiyo wanaondoka. Wanapanda kwenda kuzaa kaskazini mwa Urusi, na safari hiyo wanaisafiri kwa mafuta waliyoyaweka mwilini hapa hapa, kwenye matope yetu, kaa kwa kaa. Kila kuruka kusiko na lazima kunatolewa kwenye akiba hiyo.

Zile picha 60 bado ninazo. Kuna moja nzuri mno. Mabawa yote yamefunguka, matone ya maji yanang'aa, mikoko imeshika rangi ya shaba. Sijaiweka popote, wala sijaifuta, na sijui nangoja nini. Kuna mtu wa hoteli aliyeiona kwenye simu yangu akaniuliza bei. Nilimwambia nitamjibu. Sijamjibu.

Ninachoweza kuwaambia ni kanuni ninayoishika sasa, nayo nimejitungia mwenyewe, si ya kitabu. Ndege akiinua kichwa na kuacha alichokuwa akifanya, nimeshafika mbali mno. Sisogei tena. Akirudi kula, tunaendelea. Asiporudi, narudi nyuma mimi.

## Mahala

Swali la ami lilikuwa na pacha ambalo hakulisema siku ile ya Idd, nikalisikia baadaye kichwani: yuwapi?

Ile kijani ya hariri nyuma ya sululu wangu ilikuwa mikoko. Niliifuta kwa makusudi, kwa kufungua tundu la lenzi mpaka mwisho na kuvuta mpaka 300. Nilifuta pia bomba la maji machafu lililokuwa kushoto, chupa mbili, na nyumba za mabati za ng'ambo. Nilitaka aonekane kama ndege wa kwenye kalenda za benki. Akaonekana hivyo. Angeweza kuwa popote duniani, na sululu huyu husafiri kweli, lakini mchana ule alikuwa Mombasa na mimi ndiye niliyemwondolea Mombasa.

Nafikiri ni ugonjwa wetu sote. Tukitaka kupiga wanyama tunapanda treni kwenda Tsavo, au tunakwenda Shimba Hills kumtafuta palahala, yule swala mkubwa wa pembe ndefu, ambaye nakiri ni mzuri na Kenya hayuko kwingine porini. Sisemi msiende. Lakini picha ya mnyama wa Mombasa iliyozunguka dunia kuliko zote ilipigwa Haller Park, kwenye machimbo ya zamani ya saruji yaliyopandwa mivinje tangu 1971. Kiboko mtoto aliyenusurika tsunami ya 2004 amemwegemea kobe mzee. Hakuna aliyetazama picha ile akauliza yuwafanyani. Wala hakuna anayekumbuka kama nyuma palilainika au hapakulainika.

Nilikuwa na shaka, hata hivyo. Picha yenye vitu vingi ni ngumu. Ukirudisha lenzi nyuma, takataka zinaingia, matawi yanakatiza shingo, jicho la mtazamaji linapotea. Nilijaribu wiki nzima nikapata fujo tupu. Kilichonisaidia ni jambo la harusi: bi harusi ukumbini kati ya watu 300 huonekana kwa kuwa nyuma yake umeacha uwazi. Basi nikawa nachagua mahala kwanza, siyo ndege. Natafuta shimo la mwanga kati ya mizizi, kipande cha tope kinachong'aa kisichokatizwa, naelekeza kamera hapo, nalala. Ndege akiingia ameingia. Asipoingia nimepumzika.

Mara nyingi haingii.

## Mwezi 24

Siku yenyewe ilikuwa ya mawingu, mvua imenyesha mchana. Maji mafu, yanamalizia kupwa kiasi cha saa kumi na moja jioni. Sululu wengi walikuwa wameshaondoka. Ami alisema hubaki wachache kila mwaka, vijana ambao hawajaiva kwa safari. Nilijilaza kwenye gunia chini ya mchu mmoja mkubwa, ile mizizi yake ya kupumulia imesimama kotekote kama penseli zilizochomekwa. Lenzi nilikuwa nimeirudisha mpaka 120. ISO 2000, shata 1/1600.

Kaa walitoka. Hawa wadogo ambao dume ana gando moja kubwa kuliko mwili, nalo hulipungapunga kama mtu anayeita tuktuk. Dakika 10, 20, 35. Mguu ukafa ganzi. Mbu wa mikoko hawana adabu.

Alikuja kwa miguu, kutoka kulia. Hakuniona, au aliniona akaniweka kwenye hesabu ya magogo. Akatembea, akasimama, akainamisha kichwa upande kama anayesikiliza, kisha akauingiza mdomo shimoni, mpindo wa mdomo ukafuata mpindo wa shimo, mpaka tope likamgusa uso. Akamtoa kaa. Akamshika kwa lile gando, akamtikisa, kwa nguvu, kushoto kulia kushoto, mpaka gando likachomoka na kaa akarukia pembeni. Akamwokota. Akameza. Gando likabaki juu ya tope.

Nilibonyeza mara tatu tu. Kwa nini tatu sijui, nadhani nilisahau kwamba nina kamera.

Iliyo nzuri ni ya pili. Kaa ni ukungu, kwa kasi ya kutikiswa. Uso wa ndege una tope mpaka karibu na jicho. Mwanga ni wa kijivu. Nyuma kuna mchu, mizizi, kipande cha wavu wa samawati kilichonasa, na kwa mbali mabati ya ng'ambo. Februari ningeifuta kabla ya kufika nyumbani.

Sikuitia fremu. Nilimpelekea ami kwenye simu, Ijumaa baada ya swala, tukiwa tumekaa barazani. Akaikuza kwa vidole viwili, akaisogeza huku na huku. Alipita juu ya ndege bila kusimama. Nikangoja.

"Huu mchu naujua," akasema. Akaikuza zaidi, pembeni kabisa, kule ambako mimi sikuwa nimetazama. "Na jarife hili ni la nani lililoachwa hapa? Tazama. Maji yakijaa litaua samaki bure, hakuna wa kuwatoa."

"Sijui, ami."

"Mimi namjua." Akanirudishia simu, akainuka kutafuta viatu vyake. "Nitumie hiyo picha. Nikamwonyeshe."